Kiatu na Kitabu

Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Usemi huu umepita vinywani mwa vizazi vingi, na mwenye kuutamka aghalabu hapati wa kumpinga, kwa sababu kila mtu amewahi kuona kwa macho yake jambo moja likimponyoka aliyeshika mawili. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba mkono mmoja haulei mwana. Basi, msomaji mwema, tushike usemi upi na tuache upi? Napenda tulitazame swali hili pamoja, si kwa maneno matupu, bali kwa mfano wa kijana mmoja ambaye huenda humjui kwa jina, lakini yamkini umewahi kupishana na mfano wake njiani alfajiri.

Tuseme kijana huyo ni mwanafunzi katika chuo cha theolojia. Amekwenda huko kwa hiari yake ajifunze Maandiko, historia ya kanisa, Kiyunani na Kiebrania, na namna ya kuhubiri, ili siku moja akabidhiwe watu wa kuwachunga. Lakini kabla hajausikia wito huo alikuwa amekwisha kujaliwa kipaji kingine. Tangu alipokuwa mtoto wa shule alikuwa akikimbia, na kukimbia kwake kuliwapita wenzake wote. Hakuiacha miguu yake nyumbani alipokwenda chuoni. Kila siku kabla ya jua kuchomoza miguu hiyo humwamsha, na kila siku kengele ya sala humwita. Anasimama mlangoni, kiatu cha mbio katika mkono mmoja na kitabu katika mkono wa pili, na moyo wake unamwuliza: Nikikimbia, je, namwibia Mungu saa yake? Nikiketi kusoma, je, naizika ardhini zawadi aliyonipa Mungu huyo huyo?

Usiseme kwamba swali hili si lako. Yawezekana hutakuwa mchungaji wala mkimbiaji maisha yako yote. Hata hivyo una masomo yako na una muziki wako. Una mtihani mbele yako na una mama mgonjwa nyumbani. Una kazi inayokulisha na una jambo jingine linalokufurahisha. Mtu mwenye pendo moja tu moyoni ni nadra kama mti wenye tawi moja. Sisi wengine tuna matawi mengi, na maji ya mzizi ni yale yale. Kwa hiyo mkimbiaji wa chuo cha dini ni kioo tu. Ukikitazama vizuri utajiona wewe mwenyewe.

Kwanza tukiri gharama, maana shauri lolote lisilotaja gharama ni ulaghai. Siku ina saa 24, na haijapata kuongezewa mtu hata dakika moja kwa kuwa nia yake ni njema. Mtu asiyejua mbio hudhani kwamba mkimbiaji hutoa saa moja tu ya barabarani, kisha mambo yakawa yamekwisha. Sivyo. Mwenye kutaka kushindana na wenzake hukimbia asubuhi, na pengine hurudia jioni. Hana budi kula vizuri, kulala mapema, na kuupumzisha mwili mchana. Mbio hazidai saa tu. Hudai usingizi, hudai chakula, na juu ya hayo hudai sehemu kubwa ya fikira za mtu. Kitabu nacho ni mdai asiye na huruma. Sarufi ya Kiyunani haishikiki katika kichwa kinachosinzia. Aliyekwenda kilomita 20 alfajiri huweza kufika darasani mwili upo lakini akili imebaki njiani, na aliyekesha juu ya vitabu hutoka barabarani kesho yake akiiburuta miguu kana kwamba amefungwa mawe. Ugomvi huu basi si wa kuwaziwa. Ni wa kweli, na hupiganwa kila siku katika mwili mmoja.

Washauri wawili humjia kijana huyo. Mshauri wa kwanza husema: Tupa kiatu. Mwili ni udongo na utarudi udongoni. Mbio ni sifa za dunia, na makofi ya watazamaji ni upepo. Wewe umeitwa kwenye jambo kubwa, wapi na wapi mtumishi wa madhabahu kuvaa kaptula na kutoka jasho mbele ya watu? Mshauri wa pili naye husema: Weka kitabu kando kwa muda. Kitabu hakizeeki, lakini miguu huzeeka. Una miaka michache tu ya nguvu. Kimbia sasa, theolojia itakungoja hata ukiwa na mvi.

Usiharakishe kuwadharau washauri hawa, kwa maana kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Ila kipande cha ukweli kikitumiwa badala ya ukweli mzima huweza kumdhuru mtu kuliko uongo, kwa sababu mtu hukiamini.

Yule wa kwanza amesahau kwamba dini anayoitetea haikuuona mwili kuwa kitu cha kutupwa. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alichukua mfano wake uwanjani. Karibu na Korintho palifanyika michezo mashuhuri ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na waliosoma barua yake walijua vizuri mkimbiaji ni mtu wa namna gani, anavyojinyima, na anavyotaabika kwa ajili ya taji la majani litakalonyauka. Paulo hakuwacheka wakimbiaji hao. Aliwataja ili Wakristo waone haya na wajifunze kujitawala. Na katika barua kwa Timotheo, mazoezi ya mwili yamesemwa kwamba yana faida kidogo yakilinganishwa na ucha Mungu. Wengi huyasoma maneno hayo kama kwamba yamesema hayana faida. Lakini kidogo si hakuna. Mwenye kidogo halali hana haja ya kukitupa; haja yake ni kukijua kuwa ni kidogo.

Mshauri wa pili naye amesahau kwamba wito si akiba ya kuwekwa sandukuni mpaka mtu atakapochoka na mengine. Mchungaji ataitwa usiku kwenye nyumba ambayo mtoto amefariki. Mama wa mtoto hatamwuliza alimaliza mita 10,000 kwa dakika ngapi. Atamwuliza kwa nini Mungu amenyamaza. Jibu la swali hilo, au hata ujasiri wa kukaa kimya pamoja na mama huyo bila kumdanganya, haupatikani kwa miguu. Hupatikana kwa miaka ya kusoma, kuomba, kusikiliza wazee na kujitafakari. Wapo wanaojifariji kwa kusema kwamba mbio zao ni sala, hivyo wakikimbia wameshasali na wameshasoma. Sikatai kwamba mtu aweza kumkumbuka Muumba wake mlimani alfajiri kuliko ndani ya chumba chenye joto. Lakini hotuba ya Jumapili haiandikwi na magoti, na mwalimu wa Kiebrania hapokei jasho badala ya insha.

Ikiwa washauri wote wawili wamepungukiwa, tumwendee mtu aliyewahi kusimama mlangoni pale pale, kiatu mkono huu na kitabu mkono ule. Jina lake ni Eric Liddell. Alizaliwa mwaka 1902 mjini Tianjin, nchini Uchina, na wazazi wake walikuwa wamisionari kutoka Uskoti. Alisoma shule Uingereza, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1920. Huko ilidhihirika kwamba alikuwa na mbio zisizo za kawaida. Alichezea timu ya taifa ya Uskoti mchezo wa raga, akauacha ili nguvu zake zisigawanyike, akabaki na mbio. Tazama, hapo kwanza alikwisha kujifunza jambo moja: si kila kizuri kinachowezekana kina haki ya kubaki.

Mwaka 1923, katika mashindano yaliyofanyika mjini Stoke, Uingereza, aliangushwa mwanzoni mwa mbio za yadi 440. Alipoinuka, wenzake walikuwa wamemwacha yapata yadi 20. Aliwafuata, akawapita wote, akaanguka tena baada ya mstari kwa kuishiwa nguvu. Nakusimulia habari hii ili ujue kwamba mtu huyu hakuzichukulia mbio kama mchezo wa kupitisha jioni. Alipokimbia, alikimbia kwa moyo wake wote.

Mwaka uliofuata, 1924, michezo ya Olimpiki ilikuwa Paris, na Waingereza wengi walitumaini kwamba Liddell angeshinda mita 100. Ratiba ilipotoka ikaonekana kwamba mchujo wa mita 100 ungefanyika siku ya Jumapili. Kwa imani aliyolelewa nayo, Jumapili ilikuwa siku ya Bwana, si siku ya kushindana. Akasema hatakimbia. Filamu iliyotolewa mwaka 1981 ilifanya watu wengi wadhani kwamba alipata habari hiyo akiwa anapanda meli kwenda Ufaransa. Ukweli ni kwamba alijua miezi kadha kabla, na hilo linampa sifa zaidi, si pungufu. Uamuzi wa dakika moja huweza kuwa ushupavu wa hasira. Uamuzi uliobebwa kwa miezi, huku magazeti yakimlaumu mtu, ni jambo la tabia. Wala hakuketi akajihurumia miezi hiyo. Alijizoeza kwa mita 200 na mita 400, ambazo hazikugusa Jumapili.

Jumapili ile ya tarehe 6 Julai, wenzake walipokuwa uwanjani, yeye alikuwa kanisani mjini Paris akihubiri. Siku tatu baadaye alipata medali ya shaba katika mita 200. Tarehe 11 Julai alishinda mita 400 kwa sekunde 47.6, muda ambao haukuwa umepata kuonekana katika mbio hizo za Olimpiki.

Watu wengi huikomesha hadithi hapo, kwa kuwa hapo pana dhahabu, na dhahabu humeta. Mimi naomba uendelee nami hatua chache, kwa maana somo letu limo katika mwaka uliofuata, ambao hausimuliwi sana. Baada ya kupata shahada yake ya sayansi mwezi ule ule wa Julai, Liddell aliingia katika chuo cha theolojia cha Wakongregesheni mjini Edinburgh. Sasa ndipo alipokuwa hasa yule kijana wetu. Jina lake lilikuwa midomoni mwa watu wote nchini mwake. Aliitwa kila mahali kukimbia, na aliitwa kila mahali kuhubiri, na vitabu vya masomo yake vilikuwa mezani vikimngoja. Mwaka ule alisoma, alihubiri, na alikimbia. Mwezi wa Juni 1925, katika mashindano ya ubingwa wa Uskoti mjini Glasgow, alishinda yadi 100, yadi 220 na yadi 440. Hakuwa amelegea hata kidogo. Muda mfupi baadaye akapanda treni, akaenda zake Uchina kuwa mwalimu wa shule na mmisionari. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Wako waliosikitika wakasema kwamba amezitupa mbio zake. Je, alizitupa? Hata huko Uchina alishindana mara chache nafasi ilipopatikana, na aliwafundisha wanafunzi wake michezo. Hakuchukia kiatu. Alichokifanya ni kukijua cheo cha kiatu. Kilipokuwa na nafasi yake alikivaa kwa bidii yote; wakati ulipofika wa kukiweka chini alikiweka bila matanga.

Hapa ndipo napenda tutengeneze maana ya neno mizani, ambalo hutumiwa sana na hufikiriwa kidogo. Watu wakisema mtu apime mambo yake kwa mizani, hukumbuka ile ya dukani, yenye sahani mbili: huku jiwe, huku sukari, mpaka sahani zilingane. Kwa hiyo kijana wetu hufikiri kwamba akitoa saa tatu kwa mbio na saa tatu kwa masomo amekwisha kutenda haki. Lakini maisha hayalingani hivyo. Fikiri juu ya jahazi. Lina tanga na lina usukani. Tanga ni kubwa, na ndilo linaloonekana kutoka mbali na kulipa jahazi mwendo. Usukani ni mdogo na umefichwa majini. Hapana nahodha anayejaribu kuvifanya vilingane uzito. Anachotaka ni kimoja: tanga livute, usukani uamue. Siku tanga litakapoamua, jahazi litakwenda kwa kasi sana, na litakwenda mwambani. Mkimbiaji aweza kutumia saa nyingi barabarani na wito wake ukabaki salama, ikiwa wito ndio wenye kuamua. Na mwingine aweza kukimbia nusu saa tu kwa siku, lakini nusu saa hiyo ikawa ndiyo inayotawala hasira zake, furaha yake, na namna anavyowatazama wenzake. Huyo usukani wake umekwisha kuhamishwa, ingawa hesabu ya saa zake yaonekana nzuri.

Utajuaje basi kilichoshika usukani ndani yako? Sikiliza swali moja, ambalo kwangu limekuwa na manufaa kuliko hesabu za saa. Jiulize: gharama ya kipaji changu inalipwa na nani?

Kijana wetu akiamka saa kumi ya usiku ili akimbie, amelipa kwa usingizi wake mwenyewe. Hapana wa kumlaumu. Akiacha mazungumzo ya jioni ili apate kumaliza kitabu, amelipa kwa starehe yake. Lakini ikiwa zamu yake ya kufagia bweni hufanywa na mwenzake kila wiki kwa sababu yeye yuko mazoezini, mwenzake ndiye mlipaji. Ikiwa mgonjwa aliyeahidiwa kutembelewa Jumamosi alingoja mpaka jua likatua kwa sababu palikuwa na mashindano, mgonjwa huyo ndiye aliyelipa. Ikiwa mchungaji wa kesho atasimama mimbarani na maneno mepesi kwa kuwa alivipita vitabu mbio mbio, watakaolipa ni watu ambao hata hajaonana nao bado. Na tuwe waadilifu pande zote: kitabu nacho huweza kuwatoza wengine. Mwanafunzi aliyezama katika elimu ya Mungu hata hana nafasi ya kumsalimu mpishi wa chuo, huyo naye anasomeshwa kwa mali ya mpishi. Mtu anayejitoza mwenyewe kwa ajili ya vipaji viwili ni mwenye bidii. Mtu anayewatoza wengine ni mdeni, hata kama ana medali kifuani na shahada ukutani.

Swali hilo hilo ndilo linalotufafanulia jambo la mwisho katika maisha ya Liddell, ambalo bila ya swali hilo lingetutatanisha. Aliwekwa wakfu kuwa mchungaji mwaka 1932, akaoa mwaka 1934. Vita vilipokaribia, mwaka 1941, mkewe akiwa mjamzito alikwenda Kanada pamoja na mabinti wao wawili kwa ajili ya usalama. Yeye akabaki na kazi yake. Mwaka 1943 Wajapani walimzuilia pamoja na raia wengine wa kigeni katika kambi ya Weihsien, katika jimbo la Shandong. Mle kambini mlikuwa na watoto wengi waliotenganishwa na wazazi wao. Liddell aliwafundisha sayansi na Biblia, akawapangia michezo. Siku ya Jumapili, kwa desturi yake, hakukubali michezo. Lakini vijana, ambao hawakuwa na pa kwenda wala la kufanya, walicheza mpira wa magongo Jumapili moja wao wenyewe, na mchezo usio na mwamuzi ukageuka kuwa vita vya magongo. Jumapili iliyofuata, kama walivyosimulia waliokuwa kambini, Liddell alitoka akaenda uwanjani akawa mwamuzi wao.

Mtu yule aliyeikataa Jumapili ya Paris, ulimwengu mzima ukimtazama, aliikubali Jumapili ya kambini ambapo hapakuwa na mtazamaji wala medali. Wako watakaosema kwamba alijikana. Mimi naona hakubadilika hata kidogo. Paris, kuishika siku yake kulimgharimu yeye mwenyewe, naye akalipa. Kambini, kuishika siku hiyo kungewagharimu watoto, naye hakukubali watoto walipe. Sheria aliyojiwekea ilikuwa kali juu yake na laini juu ya wengine. Hebu linganisha na desturi yetu, ambao mara nyingi hujihurumia sisi na kuwa wakali kwa jirani.

Sitaki umdhanie kuwa mtu asiye na deni. Alifariki kambini tarehe 21 Februari 1945 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 43, bila ya kumwona hata mara moja binti yake wa tatu aliyezaliwa Kanada. Mkewe na watoto wake walilipa sehemu ya gharama ya wito wake, na vita viliiongeza gharama hiyo kupita walivyotazamia. Naandika jambo hili ili usije ukafikiri kwamba wapo watu waliolimaliza swali letu likaisha. Hata anayepima vizuri, mkono wake hutetemeka.

Wala usidhani kwamba mfano wa mambo haya uko Ulaya na Uchina tu. Mwaka 1976 Colm O'Connell, bruda wa shirika la kitawa kutoka Ayalandi, alikuja Iten kufundisha jiografia katika shule ya upili ya St. Patrick's. Hakuwa amesomea ualimu wa mbio. Alifunga viapo vya utawa, akawa na darasa lake, na nje ya dirisha la darasa akawaona vijana wakikimbia katika milima ile. Akawafuata uwanjani, akajifunza kwa kuwatazama, na wengi waliopita mikononi mwake wakawa mabingwa. Mmoja wao ni David Rudisha, ambaye tarehe 9 Agosti 2012 alishinda mita 800 za Olimpiki mjini London kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akiivunja rekodi ya dunia aliyokuwa ameiweka mwenyewe. Bruda huyo hakuuacha utawa ili apate mbio, wala hakuona mbio kuwa uchafu usiofaa kukaribiana na utawa. Wito wake ulikuwa kuwatumikia vijana, na vijana aliowakuta walikuwa wakimbiaji. Usukani ukabaki mahali pake, na tanga likajaa upepo.

Basi, ukiwa wewe ndiwe unayesimama mlangoni alfajiri, nakupa wasia mfupi. Usizidharau nguvu za mwili wako, maana hukujiumba. Usikidharau kitabu, maana wako watu wanaokungoja upande wa pili wa kitabu hicho. Chagua saa yako ya mbio uwajulishe walimu wako, usikimbie kwa kujificha. Jambo linalohitaji kufichwa limekwisha kudai zaidi ya haki yake. Ukiwa barabarani, kimbia. Usijilaumu kila hatua kwa ajili ya kitabu ulichokiacha mezani. Ukiwa mezani, soma. Usiihesabu dakika iliyobaki kabla ya kuvaa viatu. Wengi huponyokwa na mambo yote mawili si kwa sababu walishika mawili, bali kwa sababu walipokuwa na hili moyo wao ulikuwa kwa lile.

Mara kwa mara, acha mbio siku moja kwa hiari yako, uone unavyojisikia. Ukiona huzuni kidogo, ni sawa. Rafiki aliyeachwa huhuzunisha. Ukiona hasira kwa kila anayekusogelea, jua kwamba aliyekuwa mtumishi amekuwa bwana. Na siku itakapokuja, kama ilivyomjia Liddell, ambapo kiatu na kitabu haviwezi kuchukuliwa pamoja, usianze siku hiyo kutafuta kilicho kikubwa kwako. Uwe umekwisha kujua miezi kabla.

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mshika mbili moja humponyoka, wala hawakukosea waliposema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Walituachia semi zote mbili ili tusichoke kupima. Shika mawili ukiweza, na ulipe mwenyewe. Lakini ukigundua kwamba mwingine ndiye anayekulipia, fungua mkono mmoja upesi, kabla deni halijakua.